Mahakama ikikosea, si irekebishwe mahakama? Jibu kuhusu adhabu ya kifo

Swali: "Wakili, shikamoo. Baba yangu mdogo aliuawa na watu watatu waliovamia nyumba usiku. Walikamatwa, wakashtakiwa pamoja, wakahukumiwa kunyongwa. Hadi leo wako gerezani. Kila nikiwasikia watetezi wa haki wakidai adhabu ya kifo ifutwe kwa kuwa mahakama hukosea, najiuliza: mahakama ikikosea, si irekebishwe mahakama? Kifungo nacho huwakuta wasio na hatia, na sijasikia mtu akitaka magereza yafungwe. Tena siku hizi kuna vipimo vya vinasaba, kuna kamera, kuna kumbukumbu za simu. Kosa litatoka wapi? Naomba jibu la mtu wa sheria, si la mwanasiasa."

Marahaba, mwanangu. Poleni nyote kwa kumpoteza baba mdogo, na poleni kwa miaka ya kungoja, ambayo nayo ni msiba wa pili. Umeuliza pale ambapo sisi tunaopinga adhabu ya kifo mara nyingi tunapita juu juu. Tunasema "mahakama hukosea", kisha tunakaa kana kwamba tumemaliza. Hatujamaliza. Madaktari hukosea na hospitali hazifungwi. Kwa hiyo nina wajibu wa kukueleza kwa nini kosa la mahakama katika kesi ya kunyonga ni kosa la aina yake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Naipinga adhabu hii, na sababu yangu si kwamba wauaji wananihuzunisha kuliko waliouawa. Naipinga kwa sababu makosa tunayoyazungumzia hayaingii kwenye mfumo wa haki kwa bahati mbaya kutoka nje. Yanazaliwa ndani yake, tena katika kesi zilezile zinazoishia kwenye kitanzi. Na karibu kila kosa lilipofichuliwa, lilifichuliwa na muda mrefu pamoja na mtu aliye hai aliyeendelea kulalamika. Ukimnyonga, umeondoa vyote viwili kwa siku moja.

Kesi ya mauaji ina upungufu ambao hakuna sheria inayoweza kuuziba: shahidi mkuu amekufa. Katika wizi, aliyeibiwa husimama akasema "ni huyu" au "siye huyu". Katika mauaji nafasi hiyo iko wazi na lazima ijazwe na kitu kingine: mpita njia aliyeona mtu gizani, maelezo ya kukiri yaliyoandikwa kituoni, mtaalamu wa maabara, au mahabusu anayedai kwamba mshtakiwa alimsimulia yote usiku. Na inatakiwa ijazwe haraka, maana kadiri mauaji yanavyotisha ndivyo hasira za watu zinavyopanda, na mkuu wa upelelezi anaulizwa kila asubuhi kama ameshapata jina. Mauaji ya kutisha ndiyo huleta hukumu ya kifo, na hayohayo ndiyo humsukuma mpelelezi kumshika mtu wa kwanza anayefanana na mhalifu.

Kesi ya Mahmood Mattan nairudia mara kwa mara, kwa kuwa karibu kila ugonjwa wa mfumo wa haki umo ndani yake. Mattan alikuwa baharia Msomali aliyeishi Cardiff, huko Wales, ameoa mwanamke wa hapo na wana watoto watatu wa kiume. Machi 1952 mwenye duka mmoja, Lily Volpert, alikatwa koo dukani mwake na fedha zikaibwa. Mattan alikuwa mweusi, maskini, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Upande wa mashtaka ulimtegemea zaidi shahidi mmoja, Harold Cover, aliyesema alimwona Mattan akitoka dukani. Familia ya marehemu ilikuwa imetangaza zawadi kwa atakayesaidia muuaji kupatikana, na Cover akapata sehemu yake. Wakili wa Mattan mwenyewe, katika hotuba yake kwa baraza la wazee wa mahakama, alimwelezea mteja wake kuwa nusu mtoto wa maumbile, nusu mshenzi aliyestaarabika kidogo. Huyo ndiye aliyekuwa upande wake! Rufaa ilitupwa, na tarehe 3 Septemba 1952, takriban miezi sita baada ya mauaji, Mattan akanyongwa.

Sasa tazama kilichokuwa kimelala ndani ya jalada la polisi. Maelezo ya mwanzo ya Cover yalimhusu Msomali mwenye jino la dhahabu; Mattan hakuwa nalo. Mashahidi wengine walioonyeshwa Mattan walishindwa kumtambua, na mmoja wao, mtoto wa kike aliyemwona mtu karibu na mlango wa duka, alisema huyu siye. Hayo yote hayakupelekwa kwa upande wa utetezi. Mwaka 1969 Cover alitiwa hatiani kwa kujaribu kumuua binti yake mwenyewe kwa wembe wa kunyolea. Hukumu ya Mattan ilifutwa Februari 1998, takriban miaka 46 baadaye, na Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba adhabu ya kifo huenda haikuwa hitimisho la busara kwa mfumo wa haki unaoendeshwa na wanadamu, ambao kwa hiyo unaweza kukosea. Mjane wake alikuwa bado hai. Serikali ikawalipa fidia yeye na wanawe.

Utaniambia: hiyo ni 1952, siku hizi sheria inaulazimisha upande wa mashtaka kutoa ushahidi wote. Ni kweli nchi nyingi zina sheria hiyo, na nashukuru. Lakini wakili hawezi kudai karatasi asiyojua kama ipo. Anapewa alichopewa, anasaini kupokea, na kama kuna maelezo ya shahidi yaliyobaki kwenye droo ya mpelelezi, atayajuaje? Kwa kawaida yanajulikana miaka mingi baadaye, mpelelezi amestaafu, au mwandishi wa habari amefukua, au mjane amekataa kunyamaza.

Halafu kuna kukiri. Hili ndilo linalowashinda watu wengi kulielewa, na silaumu. Ni nani asiye na hatia atakayesema "ndiyo, niliua" akijua adhabu ni kifo? Jibu ni kwamba katika chumba cha mahojiano kifo kiko mbali, mateso yako karibu. Iwao Hakamada, bondia wa zamani wa Japani, alikamatwa Agosti 1966 kwa mauaji ya bosi wake pamoja na mke na watoto wawili wa bosi huyo. Alihojiwa wiki hata wiki, kwa wastani wa takriban saa 12 kwa siku, bila wakili kando yake. Mwishowe akakiri. Mahakamani alikana, akasema alipigwa na kutishwa. Majaji wenyewe waliyakataa maelezo yake yote isipokuwa moja, na kwa hilo moja, pamoja na nguo, wakamhukumu kifo mwaka 1968.

Nguo hizo ni hadithi peke yake. Zilikuwa vipande vitano vyenye damu, vilivyopatikana ndani ya pipa la kiwandani alikokuwa akifanya kazi, wanakotengeneza miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa. Zilipatikana miezi 14 baada ya mauaji, kesi ikiwa tayari inaendelea. Katika rufaa aliambiwa aivae suruali. Haikupanda. Ilimkwama mapajani. Upande wa mashtaka ukasema suruali imenywea kwa kukaa ndani ya miso, na rufaa ikatupwa hata hivyo. Miongo kadhaa baadaye mawakili wake walichukua nguo zenye damu, wakazizika kwenye miso kwa muda uleule, na damu ikageuka nyeusi-kahawia, ilhali ile ya ushahidi ilikuwa bado na wekundu. Tarehe 26 Septemba 2024 mahakama ilimwondolea hatia akiwa na umri wa miaka 88, na ikatamka kwamba nguo zile zilipandikizwa na wapelelezi. Mmoja wa majaji watatu wa 1968, Norimichi Kumamoto, alikuwa amejitokeza mwaka 2007 kueleza kwamba tangu mwanzo aliamini mtu huyu hana hatia, lakini wenzake wawili walimshinda kwa kura, na kalamu ya kuandika hukumu ikawa mkononi mwake.

Kilichomwokoa Hakamada si rufaa. Rufaa zilikwisha mwaka 1980. Kilichomwokoa ni kwamba serikali ya Japani haikumnyonga katika miaka ile yote, na kwamba dada yake, Hideko, alikataa kukata tamaa. Lau waziri mmoja angesaini hati yake asubuhi moja ya mwaka 1985, tusingekuwa na "kesi ya Hakamada". Tungekuwa na muuaji wa familia nzima aliyekiri na kunyongwa, na vitabu vya sheria vingemtaja hivyo.

Sasa vinasaba na teknolojia. Vipimo vya vinasaba vimefanya kazi kubwa, na mimi ni wa kwanza kusema hivyo. Kirk Bloodsworth wa Maryland, Marekani, alihukumiwa kifo mwaka 1985 kwa kumuua mtoto, mashahidi watano wakidai walimwona. Watano! Mwaka 1993 kipimo cha vinasaba kilionyesha siye, na mwaka 2003 kipimo hichohicho kikamwonyesha muuaji wa kweli. Lakini angalia masharti yaliyohitajika: mhalifu awe ameacha majimaji ya mwili, sampuli iwe haijatupwa, na mtuhumiwa awe bado anapumua. Mauaji mengi hayana sharti la kwanza. Mtu amepigwa risasi kutoka mbali, amepigwa rungu na kundi, amesukumwa, amelishwa sumu. Na mara nyingi ugomvi wa kesi si nani alikuwepo. Ni nani alifanya nini, na alikuwa na nia gani. Derek Bentley, kijana wa miaka 19, alinyongwa London Januari 1953 kwa kifo cha askari aliyepigwa risasi na mwenzake wa miaka 16, wakati Bentley tayari ameshikwa na polisi. Mwenzake hakunyongwa kwa kuwa alikuwa mtoto. Hakuna kamera ambayo ingetatua kesi ile, maana kila mtu alijua nani alifyatua. Hukumu ya Bentley ilifutwa mwaka 1998 kwa sababu jaji hakuwaongoza wazee wa baraza kwa haki.

Tena sayansi yenyewe imewahi kuua. Mwaka 1991 nyumba iliungua katika mji wa Corsicana, Texas, na watoto watatu wa kike wakafa. Baba yao, Cameron Todd Willingham, alitoka akiwa hai. Wachunguzi wa moto waliona nyufa ndogondogo kama utando wa buibui kwenye vioo vya dirisha na madoa ya kuungua sakafuni, wakaapa mahakamani kwamba hizo ni alama za petroli au kimiminika cha namna hiyo. Nyufa zile, ilikuja kufahamika, hutokea kioo chenye moto kinapomwagiwa maji, yaani kazi ya wazima moto wenyewe. Na chumba kikishashika moto chote, sakafu huungua kwa madoa yaleyale hata kama hakuna aliyemwaga kitu. Willingham alikuwa ameahidiwa kifungo cha maisha akikiri, akakataa. Ripoti ya mwanasayansi iliyoupinga ushahidi ule iliwafikia wakubwa wa Texas kabla hajauawa Februari 2004. Haikuzuia chochote.

Usidhani ni mchunguzi mmoja wa mji mdogo. Mwaka 2015 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilikiri kwamba wataalamu wake wa kulinganisha nywele kwa hadubini walitoa ushahidi uliozidi kile sayansi yao inachoweza kusema, kwa miaka mingi. Kati ya kesi 35 za hukumu ya kifo zilizokuwa zimekaguliwa kufikia wakati huo, makosa yalikuwemo katika 33, na washtakiwa tisa walikuwa wameshauawa. Wataalamu wale hawakuwa waongo. Waliamini walichosema, kama sisi leo tunavyoamini kumbukumbu za simu na minara yake. Kila kizazi kina sayansi yake ya mahakamani kinayoiona haikosei.

Umeuliza, bila kulitaja moja kwa moja, kuhusu rufaa. Wasomaji wengi hudhani rufaa ni kesi mpya. Siyo. Kwa kawaida majaji wa rufaa husoma mwenendo wa kesi ulioandikwa na kuuliza kama sheria ilifuatwa na kama ushahidi uliokuwepo unatosha. Hawamwiti mpita njia tena. Hawamwoni usoni. Shahidi muongo aliyeapa vizuri anaonekana kwenye karatasi kama shahidi mkweli aliyeapa vizuri. Kama wakili wa kwanza hakuuliza swali, swali hilo halimo kwenye mwenendo, na kilichokosekana kwenye mwenendo ni vigumu mno kukiingiza baadaye. Ndiyo maana nasisitiza kwamba makosa makubwa hufichuliwa na muda. Nchini Marekani, mwaka 2024 idadi ya watu waliowahi kuhukumiwa kifo kisha wakaondolewa hatia tangu 1973 ilifika 200, na mwaka huohuo idadi ya waliouawa tangu adhabu hiyo irejeshwe mwaka 1976 ilifika 1,600. Kwa kila wanane waliouawa, mmoja alitolewa. Utafiti ulioongozwa na profesa Samuel Gross na kuchapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba angalau asilimia 4.1 ya wanaohukumiwa kifo nchini humo hawana hatia. Na Marekani ni nchi yenye fedha, maabara, na mawakili wa kujitolea wanaofukua kesi za miaka 30 iliyopita. Pasipo na watu hao, makosa ni yaleyale. Kinachokosekana ni wa kuyaona.

Sasa nakuja kwenye hoja yako ya magereza, ambayo naiona ndiyo bora kuliko zote ulizotoa. Umesema kifungo nacho huwakuta wasio na hatia. Ni kweli, na ni dhuluma isiyolipika. Hakamada alitoka gerezani akili yake ikiwa imevurugika. Hakuna fidia itakayomrudishia. Lakini alitoka. Alikaa na dada yake. Alilisikia jina lake likisafishwa, hata kama si kila siku alielewa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kuna tofauti kati ya kumwaga nusu mtungi na kuuvunja mtungi. Magereza tunayaacha kwa sababu hatuna njia nyingine ya kumzuia mtu hatari asiwadhuru wengine. Kitanzi hakifanyi kazi yoyote ya kuzuia ambayo gereza halijaifanya tayari: watu watatu waliomuua baba yako mdogo wako ndani, hawavamii nyumba ya mtu.

Tena uko sahihi katika jambo ambalo wenzangu hawapendi kulikubali. Kufuta adhabu ya kifo hakurekebishi mahakama. Utafiti uleule wa Gross ulionyesha kwamba mfungwa akibadilishiwa adhabu kutoka kifo kwenda kifungo, uwezekano wa kosa lake kufichuliwa unashuka, kwa sababu macho ya watu yanahama. Aliyefungwa maisha kwa kosa la mwingine husahaulika kimya kimya. Kwa hiyo mtu anayetaka kitanzi kiondolewe halafu arudi kulala amefanya nusu ya kazi. Mahojiano yote ya polisi yarekodiwe kwa sauti na picha tangu dakika ya kwanza. Mshtakiwa wa mauaji apate wakili mwenye uzoefu na muda wa kuonana naye, badala ya kijana aliyepewa jalada jioni na kesi ni kesho. Vielelezo vitunzwe. Na kiwepo chombo huru cha kufufua kesi zilizokwisha, kama kile cha Uingereza kilichoanza kazi mwaka 1997. Kesi ya Mattan ilikuwa ya kwanza kupelekwa mahakamani na chombo hicho. Yote haya yafanywe, adhabu ya kifo iwepo au isiwepo. Hoja yangu ni kwamba hata yakifanywa vizuri yanahitaji muda, na wa kunufaika nayo lazima awe hai.

Wako wanaosema: basi wanyongwe wale tu ambao hatia yao haina hata chembe ya shaka. Nimelitafakari sana hili, kwa kuwa linavutia. Tatizo ni kwamba kila niliyemtaja hapo juu alitiwa hatiani kwa kiwango hichohicho, pasipo shaka yoyote ya msingi, na watu walioamini hivyo kwa dhati. Uhakika wa jaji haupimiki kwa mizani. Mashahidi watano wa Bloodsworth walikuwa na uhakika.

Kuhusu nani hasa hufika kwenye kitanzi, nitasema machache. Nchini Marekani utafiti uliofikishwa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo katika kesi ya Warren McCleskey ulionyesha kwamba huko Georgia mshtakiwa aliyemuua mzungu alikuwa na uwezekano wa kuhukumiwa kifo mara 4.3 zaidi ya aliyemuua mweusi. Mwaka 1987 majaji watano dhidi ya wanne walisema takwimu hizo hazitoshi kumwokoa. Lewis Powell, jaji aliyeandika uamuzi wa wengi, alisema baada ya kustaafu kwamba kama ingewezekana angebadilisha kura yake. McCleskey aliuawa mwaka 1991.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo kubwa limekuwa jingine: adhabu ya lazima. Kwa miongo mingi sheria za enzi ya ukoloni zilimwambia jaji kwamba akimtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, hana la kuamua tena. Anatamka kunyongwa hadi kufa, awe ni mpangaji wa mauaji au kijana aliyesimama nje akilinda mlango. Mahakama ya Juu ya Uganda iliukataa ulazima huo mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, na ikaamua pia kwamba aliyengoja zaidi ya miaka mitatu tangu rufaa zake kwisha abadilishiwe adhabu iwe kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuata mwaka 2017 katika kesi ya Francis Muruatetu. Na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, Tanzania tangu 1994. Hukumu ziliendelea kutolewa, hati hazikusainiwa, na kati ya hayo mawili wakakaa wafungwa na familia kama yenu, kila upande ukingoja kitu ambacho huenda kisije kamwe.

Hukuniuliza kama adhabu ya kifo inawatisha wahalifu, na sitakuchosha nalo. Kamati ya baraza la utafiti la taifa la Marekani ilipitia tafiti za zaidi ya miaka 30 na kutamka mwaka 2012 kwamba hazituambii kama inapunguza mauaji, inayaongeza, au haifanyi lolote. Mhalifu anaogopa kukamatwa. Anayeamini hatakamatwa haisomi adhabu.

Nikurudishe kwa waliofiwa, maana swali lako lilitoka huko. Mwaka 1950 Timothy Evans alinyongwa London kwa kifo cha binti yake mchanga. Mkewe pia alikuwa ameuawa. Shahidi mkuu dhidi yake alikuwa jirani wa chini, John Christie, mtu mpole wa maneno, aliyewahi kuwa askari wa akiba. Evans alisema hadi mwisho kwamba Christie ndiye aliyefanya. Hakuna aliyemsikiliza. Miaka mitatu baadaye ilipatikana miili ndani ya nyumba ileile na bustani yake. Baada ya Evans kunyongwa Christie alikuwa ameua wanawake wanne zaidi, mmoja wao mke wake mwenyewe. Wale wanawake wanne walikuwa na ndugu. Jalada la Evans lilipofungwa kwa kamba, hakuna aliyekuwa akimtafuta tena muuaji wa kweli. Ninapodai mahakama ijiachie nafasi ya kurudi nyuma, nalidai hilo kwa ajili ya ndugu wa marehemu vilevile.

Kuhusu kesi yenu: watu watatu walihukumiwa pamoja. Katika nchi ambako ulazima umeondolewa, hukumu kama hizo zinaweza kurudishwa mahakamani ili adhabu ya kila mmoja ipimwe kulingana na alichofanya. Msishtuke mkisikia hivyo. Kurudishwa kwa adhabu si kuachiwa, na mara nyingi familia ya marehemu huruhusiwa kueleza jinsi kifo kile kilivyowaumiza. Nendeni kwa mwendesha mashtaka mkaombe kwa maandishi mjulishwe tarehe yoyote kesi itakapotajwa, muweke namba ya kesi na nakala ya hukumu. Familia nyingi husikia habari hizi redioni kwa sababu hazikuacha anwani. Ukiniandikia kesi ilisikilizwa nchi gani na rufaa imefikia hatua ipi, nitakuelekeza mlango wa kwanza wa kugonga.